Namna Shetani wa Mpingo Anavyozaliwa Newala

Gogo la mpingo likishushwa Newala halina sura ya kumvutia mtu. Gome lake ni la kijivu, limechanikachanika. Shina limejipinda, nje lina matuta na mifereji, na mara nyingi katikati kuna tundu jeusi lililochimbwa na moto wa porini au ubovu wa miaka mingi. Mnunuzi anayetafuta mpingo wa kutengenezea klarineti angelipita gogo la namna hiyo bila kugeuka, maana yeye anataka kipande kilichonyooka, kisicho na ufa wala fundo. Anayesimama ni mchongaji wa mashetani. Kasoro zilizomkimbiza mwenzake ndizo anazozitolea pesa.

Mzee ninayemweleza hapa anafanyia kazi chini ya mkorosho, upande wa mji unaoelekea Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na kuliacha bonde la Ruvuma likiwa wazi chini. Asubuhi za Juni na Julai upepo wa huko ni wa baridi, naye hukaa amejifunga koti, miguu ameinyoosha mbele juu ya gunia. Vifaa vyake amevipanga upande wa kulia kwa utaratibu usiobadilika: shoka, panga, tezo mbili, patasi za upana mbalimbali, nyundo ya mti, tupa, kinoo na kopo la maji. Hatazami anapokitafuta kimojawapo. Mkono unajua kilipo.

Mpingo haupendi huku juu. Uwanda huu ni nchi ya mchanga, mikorosho, mihogo na vichaka vizito. Mpingo ni mti wa miombo ya nchi ya chini, kuanzia Masasi na Nanyumbu, Nachingwea, Liwale, hadi Kilwa. Magogo ya mzee hutoka Masasi, kwenye tambarare ile yenye vilima vya mawe vinavyoinuka kila kimoja peke yake, na huletwa na mpwa wake anayejua kabisa mjomba anataka nini. Mti wenyewe hauna haraka. Huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa kuvunwa, na kiini chake ni kizito kuliko maji: kipande ukikitupa mtoni kinazama. Basi gogo linapofika mikononi mwa mzee, aghlabu ni kubwa kwa umri kuliko yeye.

Kwanza hulisikiliza. Huligonga kwa mgongo wa tezo, akianzia mwisho mmoja na kusogea kidogo kidogo. Mpingo mzima hulia kwa sauti kali ya juu, karibu na mlio wa chuma. Penye ubovu sauti inashuka na kuzibwa. Akifika hapo hurudia mara kadhaa, hulizungusha gogo, hugonga tena upande wa pili, mpaka anajua ubovu umeanzia wapi na umeishia wapi. Hapigi alama yoyote. Anachokisikia anakiweka kichwani, na baadaye, tezo inapofika mahali pale, inakwenda kwa tahadhari kana kwamba pameandikwa.

Kisha gogo hupumzishwa, na hatua hii ndiyo inayowashinda vijana wengi. Mpingo hukauka polepole, nje kukitangulia ndani, na tofauti hiyo ndiyo inayoupasua. Ukiuanika juani leo, kesho kutwa utakuta nyufa zimekimbia kutoka kitovu cha mti hadi kwenye gome. Mzee hupaka rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili ili unyevu usitoroke kwa kasi, hulilaza gogo kivulini, hulifunika kwa gunia, na siku za upepo mkali hulinyunyizia gunia maji. Wiki hupita. Wakati huo anachonga gogo jingine lililokwisha kutulia, na kila jioni anafunua gunia, anapitisha kidole gumba kwenye ncha, anafunika tena.

Siku ya kulifungua, panga hutangulia. Gome hubanduka kwa vipande virefu, na chini yake hutokea mshangao wa kwanza kwa asiyejua: mti huu maarufu kwa weusi ni mweupe. Kiini kimezungukwa na utepe wa mti laini wenye rangi ya njano hafifu, na wadudu huupenda huo. Mzee huuondoa kwa shoka, lakini si wote. Hapa ataacha ukanda mdogo, pale ataacha doa, kwa sababu huenda baadaye akahitaji meno meupe au ukingo wa sikio. Chini ya weupe ndipo weusi unapoanza, na unapokuwa mbichi una kahawia na zambarau ndani yake, na mistari myembamba inayoonyesha nyuzi zinakoelekea.

Baada ya hapo anaacha vifaa.

Anaweza kukaa na gogo lililochunwa asubuhi nzima bila kuligusa kwa chuma. Hulisimamisha. Hulipindua, upande wa mizizi ukawa juu. Hulilaza. Huchungulia ndani ya tundu, huingiza vidole, hupima kwa kiganja ukuta wa mti una unene gani kati ya tundu na nje. Hachori kwenye karatasi. Anayepita njiani anaweza kudhani mzee amechoka. Mimi naamini kwamba saa hizo ndizo za kazi nzito kuliko zote, kwa kuwa ndipo anapobuniwa kiumbe ambaye hajapata kuonekana na mtu yeyote. Gogo peke yake haliwezi kumtoa, na kichwa cha mzee peke yake hakiwezi. Ni mazungumzo ya tundu hili, fundo lile, mpindo ule, na hadithi alizozisikia tangu utoto.

"Mzee, huyu atakuwa nani?" nilimwuliza.

"Sijaiona miguu yake. Nikiiona miguu nitajua anakaa wapi."

Jibu hilo lina elimu ndani yake. Katika ulimwengu wa mashetani wa Kimakonde kila kiumbe ana makazi. Wako wa majini, wako wa mitini, wako wa njia panda, wako wa angani. Wa majini hatakuwa na kwato. Wa mitini atahitaji vidole vya kushikia. Mzee akishajua kiumbe anakaa wapi, anajua anakula nini. Akijua anakula nini, anajua mdomo wake. Na mdomo ukishapatikana, uso mzima unafuata. Msomaji mcha Mungu asishtuke kwa jina. Shetani wa mpingo si yule Ibilisi wa vitabu vitakatifu. Ni jamii pana ya viumbe, wengine wabaya, wengine watundu tu, wengine wapole, wenye njaa, wivu, mapenzi na ugomvi wao. Nnandenga wa porini anatoka katika masimulizi ya Wamakonde wenyewe. Kibwengo amepanda kutoka pwani ya Waswahili. Wengine hawakuwako kabisa mpaka tezo ilipowatoa, na baada ya hapo wakaingia katika hesabu ya wote.

Kuwapa sura viumbe wasioonekana si jambo la jana huku. Midimu, vinyago vinavyovaliwa usoni katika ngoma za unyago na jando, ni vya zamani sana, na Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma wana mapiko yao. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipopita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906 alivikuta, akavinunua na kuvipeleka Leipzig. Mengine ya jandoni hayaandikwi gazetini, nami nayaacha huko huko. Lakini Weule aliandika pia asili ya Wamakonde kama alivyosimuliwa. Hapo kale kulikuwa na kiumbe aliyeishi peke yake porini, haogi wala hanyoi. Akachonga mti umbo la mtu, akalisimamisha karibu na makao yake, na usiku umbo lile likapata uhai, likawa mwanamke, mama wa kabila zima. Walipokaa bondeni karibu na mto watoto wao walikufa. Walipopanda juu, nyanda za Mahuta, mtoto akaishi. Watu walioianza historia yao kwa kinyago ni watu wa kusikilizwa katika habari ya uchongaji.

Mashetani wa mpingo, kama tunavyowajua leo, ni wa karibu zaidi. Wamakonde wengi wa Msumbiji walivuka Ruvuma miaka ya ukoloni wakikimbia kazi za shuruti za Wareno na kutafuta ajira katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na wachongaji walikuwa miongoni mwao. Vinyago walivyowauzia Wazungu vilikuwa vya binadamu wa kawaida: mama na mtungi, mzee na kiko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alimpelekea Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, kitu kisichofanana na binadamu. Simulizi inayorudiwa sana inasema kinyago chake cha mtu kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akaendelea kukigeuza mpaka akatoka kiumbe mwingine. Peera alikipokea na kumtia moyo aongeze. Muda si mrefu wenzake nao wakaanza kuwatoa mashetani wao, kila mmoja wa kwake, na wote wakaonekana ni ukoo mmoja.

Narudi kwenye mkorosho, maana tezo imeshaanza.

Tezo kubwa hufanya kazi ya kuondoa. Mzee hulishika gogo kwa nyayo, visigino vikiwa vimebana chini na vidole vikikandamiza juu, na mikono yote miwili huwa huru. Pigo haliji kutoka begani. Linatoka kwenye kiwiko na kumalizikia kwenye kifundo cha mkono, na ncha ya chuma huingia kwa ulalo, ikaondoa kibanzi chenye unene wa ukucha. Kibanzi hicho kikiruka, jicho lake limeshahamia mahali pa pigo linalofuata. Anafuata nyuzi. Zinapogeuka penye fundo, naye anageuza gogo kwa nyayo, nusu duara, bila kusimamisha mkono. Chuma hupita kidole kimoja kutoka kwenye mguu wake, na katika muda wote niliokaa naye sikuona akiuangalia mguu.

Anayemtazama hutarajia kwamba kichwa kitatangulia. Yeye huanza na uwazi. Tundu la ubovu hulipanua kwanza, hulisafisha mpaka afikie mti mzima, kisha hutoboa jingine ubavuni likutane nalo. Mashetani wa namna hii hushikiliwa na nafasi zilizo wazi kama wanavyoshikiliwa na mti. Kati ya mkono na tumbo pawe wazi. Kati ya mguu unaopanda na shingo inayoshuka pawe wazi. Mwanga ukishapita, ndipo viungo huanza kutambulikana. Kwenye gogo hili tundu lilikuwa limejipinda kuelekea juu, na mzee aliamua kwamba ukuta wa mti uliobaki upande mmoja ni mkono mrefu unaotoka kisogoni na kushuka hadi chini, ukageuka kuwa mguu wa tatu.

Hapo pana sheria ya ufundi isiyosamehe ulegevu. Kiumbe anaweza kukosa jicho, akawa na midomo miwili, sikio likamea gotini. Lakini lazima asimame. Mkono ukigeuka mguu, ubebe uzito kweli. Mzee alikuwa akimsimamisha kila mara juu ya kibao kilicho sawa, akimsukuma kidogo kwa kidole kutoka pande zote, na kila alipoyumba aliondoa chembe kutoka upande uliolemea. Hawezi kurudisha alichokiondoa. Kwa sababu hiyo huondoa kidogo kuliko inavyotakiwa, hujaribu, huondoa tena. Nyama za kiumbe huyu zilipungua kwa vipimo ambavyo mimi nisingeviona kama asingenionyesha.

Tezo ndogo hufuata, halafu patasi. Patasi zake nyingi zimefuliwa na mhunzi kutoka kwenye springi za magari na tupa zilizochakaa, kwa sababu mpingo unakula chuma laini. Ananoa mara kwa mara, huenda kila baada ya makumi machache ya mapigo. Humwaga maji kwenye kinoo, hulaza makali, husukuma na kuvuta kwa mwendo mmoja, kisha hujaribu kwenye unywele wa mkono wake. Kijana mwenye haraka huona kunoa ni kupoteza muda. Mzee huona ni sehemu ya kuchonga, na ukilinganisha kazi za wawili hao utaona nani yuko sahihi: patasi butu huuponda mpingo na kuacha makovu ambayo msasa hauwezi kuyafuta.

Uso ulipofika, aliubadilisha mkao wake. Alikiinua kinyago akakipakata, nyundo ya mti ikawa inagusa tu mpini wa patasi. Midomo ilitangulia: mfereji mmoja wa juu, mmoja wa chini, halafu ulimi uliotoka nje na kujikunja kuelekea kwenye jicho. Kulikuwa na kibaki cha ule weupe wa nje karibu na hapo, kile alichokiacha makusudi siku ya kuchuna, na sasa kikawa safu ya meno matano. Jicho lilikuwa moja, kubwa, limetokeza. Mahali pa jicho la pili alichimba shimo laini, akaliacha hivyo. Pua hakuichonga. Fundo la mti lilikuwa pale tangu mwanzo, akalizungukia tu mpaka likawa pua. Nilipoliona fundo hilo likigeuka pua nilielewa kwa nini aliligeuzageuza gogo ile asubuhi nzima.

Karibu na hapo alikuwa ameketi mtoto wa dada yake mwingine, mvulana wa shule ya msingi. Kwake mpingo bado ni marufuku. Anachonga mhogo. Mhogo mbichi ni laini, hauumi kisu, ukiharibika unaliwa, na unafundisha jambo kubwa: ukizidisha, hakuna kurudi. Alimaliza kichwa chenye masikio makubwa, akamwonyesha mjomba. Mzee alikishika kwa uangalifu uleule anaoushikia mpingo, akakizungusha, akamwuliza, "Huyu anasikia nini?" Mvulana akasema anasikia mvua kabla haijafika. "Basi masikio yatazame juu," mzee akamjibu, akamrudishia.

Njia hiyo ya mhogo ina wakubwa waliopita ndani yake. George Lilanga, aliyezaliwa wilayani Masasi mwaka 1934, alianza kuchonga kwenye mihogo kabla ya kushika miti. Baadaye alihamia Dar es Salaam, ambako mjomba wake Augustino Malaba, naye mchongaji, alikuwa na uhusiano na kituo cha sanaa cha Nyumba ya Sanaa, na Lilanga akaingia hapo kama mlinzi kabla kazi zake hazijatambuliwa. Mashetani wake walitoka kwenye mti wakaingia kwenye ngozi za mbuzi, vitambaa, mabati na turubai. Wana masikio mapana, matumbo ya mviringo, vidole viwili au vitatu, rangi za kung'aa, na wanafanya mambo ya kila siku ya mtaani: wanapika, wanacheza ngoma, wanakwenda hospitali, wanasengenyana. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Kisukari kilimfanya akatwe miguu mwaka 2000, naye akaendelea na kazi akiwa amekaa, mpaka alipofariki mwaka 2005. Kwa hukumu yangu hakuna msanii wa Tanzania aliyewapa viumbe wa kubuni maisha kamili ya kijamii kuliko yeye.

Na hakuwa akijenga peke yake. Roberto Yakobo Sangwani aliuanzisha mtindo wa dimoongo, ambao baadaye uliitwa ujamaa, watu wakibebana na kupandana kwenye shina moja. Mtindo wa mawingu, unaohusishwa na Clementi Ngala, uliondoa hata nyuso ukabakiza mipindo na matundu. John Fundi, Mmakonde mzaliwa wa Msumbiji, mashetani wake walifika Paris mwaka 1989 katika maonyesho ya Magiciens de la Terre. Hakuna kitabu cha sheria kinachowaambia wachongaji nani anaruhusiwa kuwa nani. Mmoja huleta kiumbe, wenzake wanamtazama, wakimkubali humpa ndugu, mke, adui. Shetani wa mzee aliyeketi Newala anaweza kuwa shangazi wa shetani aliyechongwa Mwenge, Dar es Salaam, na wachongaji wawili hao hawajapata kuonana.

Kazi ya kulainisha ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo isiyoelezwa na mtu. Tupa ya meno makubwa hufuta alama za patasi. Tupa ya meno madogo hufuta alama za tupa ya kwanza. Kisha msasa mkali, msasa wa kati, msasa laini, na wa mwisho hutumika pamoja na maji. Kwenye matundu yaliyojificha mkono haupiti, basi mzee huzungushia msasa kijiti chembamba, hukiingiza na kukisokota, akisikiliza mkwaruzo. Ukibadilika sauti, anajua kuna mahali bado. Vumbi la mpingo ni jeusi lenye wekundu, linakaa kwenye kope na kwenye mikunjo ya shingo, na linakera kifua; hufunga kitambaa puani, na hukaa upande upepo unakotoka. Penye ufa mwembamba ulioibuka licha ya tahadhari zote, huchanganya vumbi hilohilo na gundi, hujaza, husubiri likauke, husugua tena. Mtu ambaye hakuuona ufa ule hataujua.

Weusi hauji mara moja. Kila msasa unaopita unauzamisha zaidi, mpaka zambarau na kahawia zinabaki kwa yule tu anayekisogeza kinyago kwenye mwanga. Mwisho hupaka kiwi kidogo sana, kwa kitambaa cha pamba, husugua mpaka joto la mkono liyeyushe. Wako wanaopaka kiwi kingi ili kuficha mti wa bei rahisi uliotiwa rangi nyeusi. Mzee humgeuzia mnunuzi kinyago akamwonyesha chini, penye nyayo, mahali alipoacha bila kupaka, ili aone nyuzi na rangi ya mti wenyewe, na aupime uzito wake mkononi.

Kiumbe alipokuwa amesimama mwenyewe kwenye kibao, nilirudia swali langu. Mzee alisema huyu anakaa kwenye mashimo ya miti mizee, hula moshi, na jicho alilokosa alimkopesha ndugu yake wa majini, ambaye hajamrudishia. Yule wa majini alikuwa hajachongwa. Gogo lake lilikuwa bado chini ya gunia.

Mpingo sasa una ulinzi ambao haukuwako zamani. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yake yote inasimamiwa chini ya mkataba wa CITES, na huko Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kusimamia vema misitu yao ya asili yenye mpingo. Hilo ni jema, maana mti wa miaka 70 haurudi kwa kutamaniwa. Lakini mti ukiwepo na mikono ikakosekana, viumbe hawa watakoma. Kuchonga mashetani hakufundishwi kwa wiki mbili za semina. Kunafundishwa kwa kukaa miaka kando ya mtu anayejua, na kwanza kabisa kwa mhogo na kisu kidogo.

Basi mzazi wa Newala, Tandahimba, Masasi au popote unaposoma haya: ukimkuta mtoto jikoni ametoboa macho kwenye mhogo wa chakula cha mchana, usimnyang'anye kisu. Mwulize yule kiumbe anakaa wapi na anakula nini, umsikilize mpaka amalize, halafu umtafutie mchongaji wa kumkalisha kando yake.